Rwagasore alianzia dukani

Waliorejea nyumbani na wachuuzi wanaovuka Kobero wanamjua Mwanamfalme Louis Rwagasore kuwa shujaa wa uhuru. Kabla ya siasa, hata hivyo, alihangaikia maduka.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa, akasoma Astrida na Ubelgiji. Aliporudi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwenye duka Mwafrika alichukua mali kwao, kwa bei yao. Mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, wajitegemee. Tusifiche: fedha zilimshinda, na mwaka 1958 Wabelgiji wakautia ushirika huo chini ya usimamizi wao.

Waswahili wa mjini hawakumtupa. Mwaka 1960 aliwataka watu wasusie maduka ya Wazungu na wasilipe kodi, akazuiliwa nyumbani. Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba, akila chakula cha jioni Hoteli Tanganyika, Mgiriki Jean Kageorgis alimpiga risasi. Alikuwa na miaka 29.