Bibi Aliyeitukuza Nafsi

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wazee wetu walinena hivyo kwa kulaumu au kwa kuonya. Lakini katika karne ya ishirini alitokea mwanamke mmoja aliyeshikilia kwamba hapo hapana lawama yoyote: kuivutia ngozi kwako, madhali waivuta kwa akili na kwa jasho lako bila ya kumpora mwenzio, huo ndio uungwana wenyewe. Mwanamke huyo ni Ayn Rand. Huko Marekani jina lake hutajwa sana na wanasiasa na matajiri, na huku kwetu ni wachache wamjuao. Kwa hivyo, msomaji, si vibaya tukamtazama.

Wazazi wake walimwita Alisa Rosenbaum. Alizaliwa tarehe 2 Februari, 1905, katika mji wa St. Petersburg, Urusi, kwenye nyumba ya Kiyahudi yenye uwezo wake. Baba yake alikuwa mtengenezaji dawa na mwenye duka lake mwenyewe. Mapinduzi ya 1917 yalipotokea, binti huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Haukupita muda duka likatwaliwa na kutiwa muhuri kwa jina la umma, na jamaa wakakimbilia Crimea. Waliporudi mjini kwao walionja njaa na dhiki. Mwenye kutaka kuifahamu falsafa ya bibi huyu na aanze na mlango ule wa duka uliotiwa muhuri.

Alisoma historia katika chuo kikuu, akamaliza mwaka 1924. Mwaka 1926 akapata ruhusa ya kwenda kuwazuru jamaa zake wa Chicago. Alikwenda, asirejee tena, na wazazi wake hakuonana nao hadi mauti. Akajibandika jina jipya, akaelekea Hollywood kutafuta kazi ya kuandika michezo ya sinema. Huko alipata vijikazi vya kupita nyuma ya waigizaji wakubwa, na huko ndiko alikokutana na Frank O'Connor, aliyemwoa mwaka 1929. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1931.

Kalamu haikumpa ulaji upesi. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1936, kilieleza maisha chini ya utawala wa Urusi mpya, na hakikuwa na wanunuzi wengi. Cha pili kikubwa, The Fountainhead, kilikataliwa na wachapishaji kumi na wawili kabla ya kupata mlezi mwaka 1943. Humo mna mjenzi wa majumba akataaye kuchora hata mstari mmoja kwa kuwaridhisha watu. Wahakiki wengi hawakukipokea vyema, lakini wasomaji walipokezana habari zake, kikaenea. Mwaka 1957 akatoa Atlas Shrugged, kitabu cha zaidi ya kurasa elfu moja, chenye kusimulia mgomo wa wale wenye vichwa vya kuvumbua na kuendesha viwanda, mpaka nchi ikakwama.

Falsafa yake yaweza kusemwa kwa maneno machache. Ulimwengu upo kama ulivyo, utake usitake. Akili ndiyo taa pekee ya mwanadamu. Kila mtu aishi kwa ajili yake mwenyewe, asijitoe mhanga kwa wengine wala asiwatoe wengine kwa ajili yake. Kazi ya serikali ni kulinda haki za watu tu, biashara iachwe huru. Kutoa msaada hakukukataza, bali alikataa kwamba ni wajibu. Na Mungu hakumwamini kabisa.

Hapo ndipo sisi na yeye tuachanapo. Akili kwetu ni neema tukufu, hata asiye nayo hana hesabu ya kutoa, na mali ya mtu ina heshima yake. Lakini twafundishwa tangu chuoni kwamba katika mali hiyo mna haki ya fukara, na kumpa haki yake si hisani. Hata hivyo, aliyeona duka la babake likifungwa kwa jina la wanyonge, na wanyonge wasishibe, ana hoja ya kusikilizwa.

Mwaka 1958 mfuasi wake kijana, Nathaniel Branden, alianza kuyafundisha mawazo hayo kwa mihadhara. Wafuasi wakaongezeka. Mmoja wao, Alan Greenspan, alikuja kuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani kuanzia 1987 hadi 2006. Lakini mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa na mapenzi ya faragha, hali kila mmoja ana ndoa yake. Mwaka 1968 mapenzi hayo yaliharibika, Branden akafukuzwa, na wafuasi wakatakiwa wachague upande. Waliofundishwa kufikiri kila mtu kwa kichwa chake wakajikuta wakingojea kauli ya mmoja.

Mume alifariki mwaka 1979, naye akamfuata tarehe 6 Machi, 1982, mjini New York. Kando ya jeneza lake liliwekwa pambo la maua lenye umbo la alama ya dola. Mtoto hakuacha. Mrithi wake alikuwa mwanafunzi wake, Leonard Peikoff.

Mwaka 1985 Peikoff na wenziwe waliasisi taasisi yenye jina la bibi huyo, huko California. Tazama basi ajabu ya mambo: taasisi hiyo si duka wala kiwanda. Ni shirika lisilotafuta faida, liendeshwalo kwa michango ya wahisani, mfano wa wakfu. Limegawa mamilioni ya vitabu vyake bure mashuleni, na huwashindanisha vijana kwa insha zenye zawadi. Mwaka 1990 David Kelley, aliyetengwa kwa kusema kwamba falsafa hiyo yaweza kujadiliwa na kusahihishwa, akaanzisha shirika lake mbali.

Wafuasi hujibu kwamba mchangiaji hatoi sadaka, bali aununua ulimwengu autakao. Ni jibu lenye akili. Lakini ulimwengu huo watakaoukaa ni watoto wa wengine, wasiomjua wala yeye hawajui. Mwenye kupanda mnazi uzeeni naye hupenda nazi; ila hajipandii mwenyewe, na moyoni mwake alijua hivyo tangu alipolichimba shimo.