Joginder Singh: Fundi wa Barabarani Aliyekuwa Simba wa Safari Rally

Wanachuo wenzangu, wiki hii sitaandika habari za mikopo wala za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Naandika habari za fundi mmoja wa Afrika Mashariki ambaye wazee wengi bado wanamkumbuka, ila sisi tuliozaliwa juzi hatumjui. Nimeishi Olasiti tangu mwaka wa kwanza, na kila ninaposikia vijana wa pale wakibishana kuhusu taa fulani iliyowaka kwenye dashibodi, huwa namkumbuka yeye.

Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 Kericho, Kenya, kwenye nchi ya mashamba ya chai. Familia yake ilikuwa ya Masingasinga wenye asili ya Punjab. Hakuanza maisha kama dereva wa mashindano. Alianza na spana mkononi, mikono imejaa grisi, kama vijana wengi tunaowaona gereji leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata kazi ambayo kwangu mimi ndiyo iliyomtengeneza. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama walioharibikiwa. Hebu fikiria hiyo kazi. Unamkuta mtu amekwama porini, gereji iko mbali, duka la spea hakuna, na gari hulijui. Huna mashine ya kupimia. Una masikio, pua, vidole na maswali: ilianza kukohoa lini? Ilizima ghafla au taratibu? Harufu ni ya petroli au ya waya ulioungua? Fundi wa namna hiyo hawezi kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine akibahatisha, maana hivyo vifaa hana. Lazima ajue ugonjwa kwanza.

Wakati huo mbio za Safari zilikuwa zimeshashika moto. Zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika kipindi cha Pasaka, yaani wakati wa masika, kwa hiyo dereva angeweza kula vumbi asubuhi na kuzama kwenye tope jioni. Magari mengi hayakumaliza. Kufika tu mwisho ilikuwa heshima.

Joginder akaingia humo na ujuzi wake wa barabarani. Mwaka 1965, akiwa na miaka 33, alishiriki pamoja na mdogo wake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544. Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limeshatumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, na ndugu hao wakaliandaa upya. Wakashinda kwa kumwacha wa pili takriban dakika 100. Narudia, dakika mia moja, kwa gari la mtumba! Sisi ambao karibu kila gari mtaani kwetu limeshuka bandarini likiwa limetumika Japani, hiyo habari inatuhusu kabisa.

Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii na David Doig kwenye Mitsubishi Colt Lancer, akiwa na miaka 42. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, ndani ya Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kuliko lake. Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia ushindi na Lancer, akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Watu walimwita Simba. Ila rekodi ninayoipenda mimi ni nyingine: aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Kwenye mbio za kuua magari namna ile, hiyo haiji kwa kukanyaga mafuta tu. Inakuja kwa kulisikiliza gari na kulihurumia kabla halijavunjika.

Sasa turudi kwetu. Magari ya leo yana kompyuta, na kompyuta ndiyo inayowasha zile taa. Kuna kijana jirani yangu Olasiti alikuwa anaendesha Toyota IST ya mkataba: unapeleka hesabu kwa tajiri mpaka deni liishe, gari liwe lako. Taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzima. Akashauriwa aipuuze, eti ni sensa tu. Injini ikanoka njiani, mkataba ukafa, na pesa ya miezi mingi ikaenda. Taa ya oili haisemi tu kwamba oili imepungua. Inasema mgandamizo wa oili umeshuka, na vyuma vinasagana bila kulainishwa. Ukiiona, simama sehemu salama, zima injini, subiri kidogo, chomoa stiki upime. Kama oili ipo na taa bado inawaka, usiwashe tena. Ita fundi au livutwe.

Kanuni ya rangi ni rahisi. Nyekundu: simama. Ya joto ikiwaka, zima gari, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, maji yatakubabua uso. Ya betri mara nyingi ni habari ya altaneta au belti, betri yenyewe inaweza kuwa nzima. Ya breki, angalia kwanza hendibreki, kisha maji ya breki. Yakiwa yamepungua, huenda pedi zimeisha au yanavuja. Njano: unaweza kuendelea kwa uangalifu, ila usiilaze wiki. Lakini ile ya injini ikiwa inapepesa huku gari linatetemeka, silinda mojawapo haichomi vizuri, na petroli isiyoungua inaenda kuua masega kwenye ekzosi.

Siku hizi kifaa kidogo cha kusoma kompyuta unakichomeka chini ya usukani, unasoma kwenye simu. Ni kizuri, nacho ninacho. Lakini ndipo wengi tunapopotea. Msimbo P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hausemi nunua sensa. Inaweza kuwa paipu ya hewa iliyopasuka, inaweza kuwa sensa ya hewa iliyochafuka, na kwa vumbi la kwetu hilo si ajabu. Kufuta msimbo bila kutafuta sababu ni kumfunga mgonjwa mdomo asilalamike.

Na ukienda kununua gari, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili na ya mifuko ya hewa zinatakiwa kuwaka, kisha zizime kwa wakati wake. Kama mojawapo haiwaki kabisa, uliza kwa nini. Kuna wauzaji wanaziua makusudi.

Kazi za kufanya mwenyewe zipo nyingi: kupima oili, kubadilisha chujio la hewa, kusafisha vichwa vya betri, kukagua belti na maji ya rejeta. Mifuko ya hewa na mfumo wa breki waachie wenye ujuzi. Joginder alijua kila nati ya gari lake, na bado kwenye Safari alikuwa na mwenzake na mafundi wa kumsaidia. Kujua gari lako hakukufanyi umdharau fundi. Kunakuwezesha kumweleza dalili vizuri, na kuelewa anapokwambia bei.

Joginder alifariki London mwezi Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari Rally imerudi kwenye ratiba ya dunia tangu 2021, na sasa magari yake yanafuatwa na kompyuta na wahandisi kila hatua. Yeye alishinda zama ambazo ukikwama porini unashuka mwenyewe, unafungua boneti, unaanza kuuliza maswali. Hilo hata sisi wa bweni, tusio na gari bado, tunaweza kuanza kujifunza Jumamosi hii kwenye gereji yoyote ya mtaani. Nenda, msalimie fundi, omba kushika tochi.