Askofu Edward Steere na Namna Alivyokata Mashauri Yake

Mwaka huu wa yubile twapenda kuwakumbusha wasomaji habari za Askofu Edward Steere. Sisi tukaao upande wa Amani, tushukapo Mkunazini siku za Sikukuu, huiona kazi yake hata kabla hatujafika mlangoni. Lakini wengi humjua kuwa mjenzi wa Kanisa Kuu tu. Twataka kueleza jinsi alivyomtumaini Mungu alipokuwa na shauri la kukata, kwa maana hapo ndipo sisi sote tunaposumbuka.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria, akawa wakili kabla ya kuwa padre. Akili ya uwakili haikumtoka kamwe. Hakuwa mtu wa kuketi na kungoja ishara. Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer alipofanywa Askofu wa misioni yetu, Steere alikubali kufuatana naye kwa muda mfupi tu, akaiacha parokia yake ndogo ya Little Steeping, na mkewe akabaki Uingereza. Hatusemi ya kuwa lilikuwa jambo jepesi, wala hatudhani kwamba kila mtu ameitwa kufanya vivyo hivyo. Yeye alitoa alichoweza kutoa siku ile, yaliyosalia hakuyajua.

Nayo njia ikageuka upesi. Walikwenda kwanza katika nchi ya Zambezi, wakakaa juu ya mlima wa Morumbala, wakaona ya kuwa mahali pale hapafai, wakaja Unguja mwezi wa Agosti 1864. Wako waliowalaumu sana, na Livingstone mmoja wao, kwamba wameiacha bara na kukimbilia kisiwani. Kugeuka nyuma mbele ya watu wenye kulaumu ni kazi ngumu kuliko kwenda mbele.

Hapa Unguja Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Je, Steere alianza mara kuhubiri? La. Alianza kuuliza majina ya vitu. Aliketi na watu wa mjini wenye kujua lugha yao, akawasikiliza hadithi zao, akaandika, akawafundisha wavulana kupiga chapa. Hadithi hizo na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili vilitoka mwaka 1870. Mtu mwenye haraka angaliona miaka ile kuwa imepotea. Walimu wanaosoma habari hizi watajua kwamba haikupotea.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Padre Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri Mhindi, Jairam Senji. Neno hili lisipitwe upesi: ardhi ya Kanisa Kuu letu kwa sehemu ni zawadi ya mtu asiyekuwa Mkristo, nao waliipokea kwa shukrani. Jiwe la msingi liliwekwa Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana mwaka ule ule. Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa, na Steere, ingawa alitaka achaguliwe mwingine, akawekwa kuwa Askofu mwaka 1874.

Paa alilokusudia lilikuwa la tao, la matumbawe yaliyopondwa na saruji, na watu walisema litaanguka. Alisimamia kazi yeye mwenyewe. Paa lingali juu hata leo. Husimuliwa pia ya kuwa siku moja aliporudi safarini aliziona nguzo za penye kisima cha ubatizo zimesimamishwa kichwa chini, akaziacha vivyo hivyo; mgeni aingiaye huonyeshwa. Saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash.

Lakini kwetu sisi, shauri kubwa kuliko yote lilikatwa mbali na hapa. Mwaka 1876 alitoka Lindi pamoja na watu zaidi ya 50 waliokuwa wamekombolewa utumwani, akikusudia kuwapeleka mbele zaidi, upande wa Ziwa Nyasa, wakajenge kijiji cha Wakristo. Walipofika Masasi watu wale walikuwa wamechoka, wakaiona nchi kuwa njema, wakaomba wakae papo hapo. Askofu alikuwa na mpango wake, tena alikuwa na mamlaka. Lakini watu hao walikuwa wamekwisha kusukumwa njiani mara moja katika maisha yao, wala hawakuulizwa. Safari hii waliulizwa. Aliwakubalia, naye akaona ya kuwa Mungu aweza kulisema shauri lake kwa kinywa cha watu waliochoka. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi.

Mwaka 1882 alikwenda Ulaya, akarudi Unguja mwezi wa Agosti, na baada ya siku chache akafariki, mwenye umri wa miaka 54. Agano Jipya la Kiswahili alilolifanyia kazi miaka mingi lilitoka chapani mwaka uliofuata. Alizikwa nyuma ya altare, katika kiwanja kile kile walipouzwa watu.