Joseph Henry, baba wa rele

Joseph Henry alizaliwa mwaka 1797 kule Albany, Marekani, mu jamaa ya kimasikini. Akiwa na miaka 13 alipelekwa kwa fundi wa saa ajifunze kazi. Kisha akakuwa mwalimu. Alizungusha nsinga ya shaba ku chuma, akapitisha umeme, chuma ikageuka sumaku. Mwaka 1831 sumaku yake moja ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Kule Crown Point walitumia sumaku zake kwa kutenga chuma na mawe.

Mwaka 1835, mu Princeton, akatengeneza rele: umeme kidogo unaotoka mbali unavuta kachuma, na kale kachuma ndiko kanapitisha ao kanakata umeme mkubwa. Ile kazi hakuiombea brevet, hakuomba hata franga. Alikufa mwaka 1878 mu Washington.

Leo kakompyuta ka volti 5 hakawezi kuzungusha motere ya pompi kwenye mine, kangeungua. Kanatuma amri kwa rele, rele inaita kontaktere, motere inazunguka. Na mkono wa mfanyakazi unabakia mbali na umeme wenye kuua.