Maisha ya Edward Jenner, Tabibu wa Ndui

Mara nyingi nimesikia watu hapa Kanoni wakibishana juu ya chanjo. Wako wasemao kwamba haina faida, maana walichanjwa UVIKO-19 na bado wakaugua. Kwa kuwa mabishano hayo yanagusa uhai wa watoto wetu, nimeona vema nieleze kwa ufupi maisha ya Daktari Edward Jenner, aliyeifanya chanjo ijulikane duniani.

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alifariki Jenner akiwa na umri wa miaka mitano. Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa tabibu wa shamba, kisha akaenda London kusoma kwa John Hunter, mpasuaji mashuhuri. Baadaye akarudi kwao kuwatibu wakulima na wafugaji.

Siku zile ndui ilikuwa adui mkubwa. Ilienea hasa kwa pumzi ya mgonjwa, ikarudi mara kwa mara, ikaua wengi na kuwaacha wengine na makovu au upofu. Lakini wakamuaji walisema kwamba mtu aliyekwisha kupata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi wa malengelenge mikononi, hapati ndui ya watu. Sisi wa Karagwe, nchi ya ng'ombe, twafahamu kwamba mfugaji huona mengi. Jenner hakuwadharau. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa majimaji katika lengelenge la mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane. Baada ya majuma kadhaa akamtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Jaribio la namna hiyo leo lisingeruhusiwa.

Wakuu wa elimu huko London hawakuipokea habari yake, basi mwaka 1798 akachapisha kitabu kwa fedha zake mwenyewe. Wako waliomcheka, wakachora picha za watu wanaoota ng'ombe miilini. Hata hivyo chanjo ilienea, naye akawachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake. Alifariki tarehe 26 Januari 1823. Alidhani kinga ile hudumu maisha yote. Baadaye ikaonekana kwamba hupungua, na watu hupaswa kuchanjwa tena.

Je, chanjo yake ilizuia ndui isienee? Naam. Tangu mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilizidisha juhudi. Kila mgonjwa akatafutwa, na watu waliomzunguka wakachanjwa. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Mbona basi mafua makali na UVIKO-19 havijakwisha? Virusi vya ndui vilikaa kwa binadamu tu, havikubadilika upesi, na mgonjwa alijulikana kwa vipele vyake. Virusi vya mafua hubadilika mwaka hata mwaka, hukaa pia kwa ndege na nguruwe, na mtu huvieneza kabla hajajua kuwa anaumwa. Virusi vya UVIKO-19 navyo hubadilika na kuenea kimya kimya. Chanjo zake hupunguza maambukizo kwa muda, lakini haziyakomeshi. Faida yake kubwa ni kuzuia ugonjwa mkali na kifo, hasa kwa wazee.

Surua, ambayo nayo huenea kwa pumzi, ina hali kama ya ndui. Chanjo yake huweza kuizuia isienee, mradi watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Kwa sababu hiyo mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Basi mtu akikuuliza kama chanjo huzuia ugonjwa usienee, mwulize kwanza ni ugonjwa gani. Nanyi wazazi wetu, tazameni kadi za watoto wenu. Kama chanjo ya pili ya surua haijaandikwa, mpelekeni mtoto zahanati.