Lillian Wald: Alitoka darasani, akafika hadi Ikulu ya Marekani

Kama unasomea uuguzi, najua umechoka na stori ya Florence Nightingale na taa yake. Hebu leo nikupe Lillian Wald, Mmarekani aliyezaliwa 1867.

Alihitimu uuguzi jijini New York mwaka wa 1891, kisha akajiunga na chuo cha udaktari. Mwaka wa 1893 alikuwa akiwafundisha wahamiaji wa Lower East Side namna ya kutunza mgonjwa nyumbani. Siku moja mtoto akaja darasani kumwita, mamake yuko hali mbaya. Wald akamfuata hadi kwenye vyumba viwili walimojibana watu saba, na wapangaji juu yake. Mama alikuwa amejifungua, na kitanda kina damu ya siku mbili. Akamwosha, akasafisha chumba. Chuo cha udaktari akaachana nacho. (Sisi tulioacha chuo tunaipenda sana sehemu hii, lakini kumbuka cheti cha uuguzi alikuwa nacho tayari.)

Yeye na mwenzake Mary Brewster wakahamia mtaani humo humo, wakawa wanahudumia wagonjwa nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ndiyo ikawa Henry Street Settlement.

Wengi wetu tungeishia hapo, tupige picha, tuposti. Wald akaanza kuiandama serikali.

Wakati huo, madaktari wa jiji walikuwa wakikagua wanafunzi na kuwarudisha nyumbani wenye chawa, choa au trakoma. Dawa hawapewi. Jioni wanacheza na wenzao wale wale waliobaki darasani! Mwaka wa 1902, Wald akalikopesha jiji muuguzi wake, Lina Rogers, kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Rogers akawatibu watoto pale pale shuleni na kuwafuata wengine hadi kwao. Mwezi ulipoisha, jiji likaanza kuajiri wauguzi wa shule. Septemba 1902, watoto zaidi ya 10,000 walirudishwa nyumbani. Septemba iliyofuata, takriban 1,100. Ukienda kwa mwanasiasa na hesabu kama hiyo, atakwambia nini?

Mwaka wa 1903 akasoma gazetini kwamba waziri wa kilimo anaelekea kusini kuchunguza mdudu anayeharibu pamba. Akajiuliza, mbona pamba ina serikali nzima na mtoto hana hata ofisi? Yeye na Florence Kelley wakapeleka wazo hilo hadi kwa Rais Roosevelt. Bunge likalivuta miaka na miaka. Hawakuachilia. Mwaka wa 1912, Rais Taft akatia saini sheria ya kuunda idara ya watoto, na Julia Lathrop akapewa kuiongoza.

Wanawake wa Marekani walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima. Hiyo ilikuja 1920. Wald alifariki 1940.