Pehr Henrik Ling, mwalimu wa upanga aliyegeuza mazoezi kuwa tiba

Mkulima wa kakao wa Mabalako anayeumwa mgongo akienda kwa mtaalamu wa kineziterapia huko Beni au Butembo, huombwa kwanza ainame, ageuke na atembee. Kazi hiyo ina deni kwa Pehr Henrik Ling wa Uswidi.

Ling alizaliwa mwaka 1776, mtoto wa mchungaji. Kuanzia 1805 alifundisha mchezo wa upanga katika Chuo Kikuu cha Lund. Inasimuliwa kuwa mkono uliomsumbua ulipata nafuu kwa mchezo huo, naye akaanza kuchunguza jinsi mwili unavyofanya kazi.

Mwaka 1813 alianzisha chuo cha serikali mjini Stockholm. Huko mazoezi yaligawanywa: anayoyafanya mgonjwa mwenyewe, anayofanyiwa, na yale anayoyafanya huku mikono ya mtabibu ikimkaza. Mtabibu alipaswa kuchagua zoezi kulingana na mwili wa kila mgonjwa.

Madaktari wengi walimpinga, kwani hakuwa daktari. Hata hivyo, mwaka 1831 chama chao kilimpokea kuwa mwanachama.

Ling alifariki mwaka 1839. Chuo chake kiliendelea kutoa wataalamu waliosambaza tiba hiyo nje ya Uswidi.